Mwanamume wa Tano

Ofisi ilitaka wanaume watano.

Fusi alidhani mtandao unakatika. Aliyaacha mashuka ya nyumba ya wageni kwenye kamba, akasogea mbali na mashine ya kufulia, akaikandamiza simu sikioni.

"Watano nini, bwana?"

"Wanaume," alisema karani wa ofisi ya michezo kule Nukualofa, mji mkuu wa visiwa vyao. "Mkataba ni wa kuwafundisha mazoezi wafanyakazi wa serikali, na wanaume ndio wanaoanguka na presha. Kwa hiyo darasa la mtihani liwe na wanawake uwezao kuwapata, na wanaume wasiopungua watano. Mwalimu anakuja kutoka Auckland wiki ijayo. Akihesabu wanne, hasaini."

"Mimi nakaa Fangaleva."

Karani akaanza kucheka, kicheko cha mtu anayekupa pole. "Si kijiji kizima ni ukoo wenu?"

"Ndiyo."

"Basi wanaume wote wa huko ni kaka zako."

"Wote, na wengine bado wananyonya."

"Pole sana. Jaribu kutafuta wageni."

Mtu wa Fangaleva hakuhitaji maelezo zaidi ya hayo. Mtoto wa ami ni kaka, wa mjomba ni kaka, mjukuu wa binamu ya bibi naye ni kaka, na kaka hakai mahali dada yake anapotikisa kiuno. Hata redio ikitaja mapenzi nao wako sebule moja, mmoja wao atakumbuka ghafla kwamba hajawatazama kuku. Fusi alikuwa akifundisha wanawake watupu kila alfajiri kwenye ukumbi wa kanisa, na wao walimlipa kwa mayai, viazi vikuu, na mara moja kwa kitoto cha nguruwe kilichokuja na kikohozi. Mkataba ungekuwa na mshahara wa kila mwezi. Ungekuwa na cheti cha kufundisha popote, na fulana yenye jina lake kifuani. Alilitaka jina lile kifuani kuliko hata mshahara, lakini hilo hakumwambia mtu.

Alirudi kwenye mashuka, akaanza kuhesabu wageni wa kijijini kwa vidole. Mkono mmoja ulimtosha, na kidole kimoja hakikuwa cha uhakika.

*

Nyumbani kwao maneno yalipita kwa mama. Fusi alikula upande wa jikoni, kaka yake Kelepi alikula barazani, na mama yao, Kalolaine, aliketi kizingitini na sahani yake magotini, akipitisha habari huku na huku.

"Mama," alisema Kelepi, "kama kuna mtu ana chumvi huko, naomba."

"Mpe kaka yako chumvi."

Fusi akampa mama, mama akampa Kelepi.

Kelepi alikuwa mtu mkubwa. Kwenye raga aliwekwa mbele kabisa, mahali pa kusukuma, na mwaka huo alikuwa amekwenda kupimwa afya ili amfuate baba yao kuchuma matunda Australia. Muuguzi alimpandisha kwenye mizani, mshale ukazunguka mpaka ukagonga mwisho, na yule mama akamwambia kwa upole, "Shuka taratibu, mwanangu, mizani tunayo hii moja tu." Wakapima na sukari. Wakamwambia arudi atakapopungua. Kabla hajafika nyumbani, watoto wa njiani walikuwa wameshampa jina, wakimwita Mizani. Tangu siku ile Kelepi alinyamaza, akawa mtu wa shamba.

"Huyu mtoto siku hizi analima mpaka namhurumia," alisema Kalolaine. "Anatoka na giza na jembe begani, anarudi jasho linamtiririka. Ila jembe silioni udongo."

"Nalisafisha, mama," alisema Kelepi.

"Hata viatu hujawahi kuvisafisha wewe."

Hapo akaingia Shangazi Saane, na wote wakasimama. Alikuwa dada mkubwa wa baba yao, na katika nyumba ya kaka yake hakuna kilichofanyika bila yeye, iwe ni kuoa, kuzika au kununua friji. Alipewa kiti, akapewa na pande la nyama ambalo Kelepi alikuwa hajaligusa.

"Nataka kujua," alisema, "ni nguruwe wa nani anayelala kwenye magimbi yangu."

Shamba la shangazi lilikuwa ubavuni mwa ukumbi wa kanisa.

"Safu nzima ya ukutani imekwisha. Na si kwamba wamekula, hapana. Wamekanyaga tu. Nguruwe gani anatembea kwenda na kurudi palepale, kama askari wa zamu?"

Kelepi alipaliwa. Mama akampiga mgongoni mpaka akatulia.

"Na wewe," shangazi akageuka jikoni, "nasikia unatafuta wanaume."

"Watano, shangazi."

"Mwanamke wa heshima hutafuta mmoja."

"Ni wa mtihani wa mazoezi, shangazi. Nikishinda naajiriwa."

Kelepi alikuwa ameshainuka kwenda kuwatazama kuku, ingawa kuku walikuwa wamelala zamani. Shangazi Saane alimsubiri atokomee gizani.

"Sikukatazi," alisema. "Mshahara ni mshahara, na baba yako huko aliko mgongo si wake tena. Lakini nisikie mwanamume wa damu yetu ameingia kwenye ukumbi ule wewe ukicheza. Nitakuja mwenyewe nimtoe kwa sikio."

*

Wa kwanza alikuwa Mchungaji Moala, ambaye kanisa lilimhamisha kutoka visiwa vya Haapai. Alikubali mara moja, kwa sharti la kufungua kwa sala. Wa pili, Konstebo Hifo, mtu wa Vavau, alikubali kwa sababu mkewe alikuwa mwanafunzi wa Fusi na alikubali kwa niaba yake. "Lakini nikikosea hatua," alisema, "hiyo ni siri ya polisi." Wa tatu alikuwa Bwana Lin wa dukani.

"Nitacheza," alisema Bwana Lin. "Wakitoka, maji wanunue kwangu."

"Watanunua."

"Ya baridi. Ya baridi bei nyingine."

Wa nne, Mwalimu Taufa wa shule ya msingi, alitoka kisiwa cha mbali kaskazini, na tangu azaliwe hakuwahi kupiga makofi sawasawa na mwenziwe. Fusi alimpokea hivyo hivyo. Alibaki mmoja.

Huyo mmoja alikuwa Sitaleki, kijana wa Eua aliyekuja kufanya kazi kwenye tanuri la mikate. Alikuwa na mabega mazuri na unga kwenye nyusi, na alipoombwa alijibu bila kufikiri, "Kwa ajili yako nitakuja hata sijanawa." Fusi alicheka njia nzima. Alipomsimulia mama yake, Kalolaine jioni ile ile alikitoa kile kitambaa cha meza cha wageni, akakifua, akakipiga na pasi.

*

Mwalimu kutoka Auckland aliitwa Raewyn. Alikuwa mama wa makamo mwenye nywele fupi na miguu iliyokaza, kalamu inaning'inia shingoni. Aliingia ukumbini akakuta wanawake wamepaka midomo rangi na kuchomeka maua masikioni. Mwisho wa ukumbi alikuta meza yenye kitambaa kilichopigwa pasi, na juu yake nguruwe wa kuoka mzima.

"Hii ni ya nini?" aliuliza.

"Ni yako," alisema Kalolaine.

"Lakini nimekuja kutazama mazoezi."

"Ndiyo. Utakuwa na njaa."

Mchungaji Moala alifungua kwa sala. Aliombea mtihani, akaombea mtahini, akaombea ndege iliyomleta na ile itakayomrudisha, na alipoanza kumwombea rubani Raewyn alitazama saa. Mchungaji alikuwa amefunga kiunoni mkeka wake wa ibada, ule mnene uliofika magotini, ambao huko ni vazi la heshima.

"Mchungaji, hutauvua?" alinong'ona Fusi.

"Mtihani ni jambo rasmi, binti yangu."

Basi wakaanza hivyo. Fusi aliwaelekea, spika ikanguruma, naye akawa mtu mwingine, kama alivyokuwa kila alfajiri. Kazi yake, kama alivyoielewa, ilikuwa kusema kitu kabla hakijatokea. Akikuambia geuka wakati wa kugeuka, umeshachelewa. Akikuambia kabla, mwili wako unafika pamoja na ngoma na wewe unadhani ni akili yako. Wanawake waligombea safu ya dirishani kama kawaida yao. Fusi siku zote alidhani wanafuata upepo. Mkeka wa mchungaji ulipiga kelele kila alipokunja goti, Konstebo Hifo aliweka siri zake hadharani, na Mwalimu Taufa alipiga makofi kwa wakati wake mwenyewe. Sitaleki ndiye aliyependeza kuliko wote. Raewyn aliandika, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika tena.

Wimbo wa tatu ulikuwa umefika kwenye viuno mlango ulipofunguliwa, akaingia Shangazi Saane na fimbo.

"Endeleeni," alisema. "Natafuta nguruwe."

Alipita kando ya ukuta akichungulia chini ya mabenchi. Alipofika kwa Sitaleki alisimama, akamtazama usoni, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande mwingine.

"Wewe kijana. Hilo sikio nalijua. Bibi yako aliitwa nani?"

"Melaia, mama," alisema Sitaleki, kiuno bado kinazunguka.

"Melaia wa Eua? Wa jicho moja?"

"Alikuwa nayo mawili. Moja halikufanya kazi."

"Ndiye." Shangazi aliweka fimbo chini. "Melaia na mama yangu ni watoto wa dada wawili. Mama yangu akanizaa mimi na kaka yangu, kaka yangu akamzaa Fusi. Basi huyo unayemtikisia kiuno ni dada yako."

Kiuno cha Sitaleki kilikwama kushoto. Alimtazama Fusi, Fusi akatazama dari. Kijana alichukua taulo lake, akajifunika uso mzima, akaelekea mlangoni kwa kupapasa, akaigonga meza, nguruwe akateleza, akamwomba nguruwe radhi, akatoka. Kalolaine aliketi benchini taratibu.

"Na kitambaa changu cha meza," alisema.

Raewyn alizima muziki. "Ameumia?"

"Hapana," alisema Konstebo Hifo. "Amekuwa kaka yake."

"Tangu lini?"

"Sasa hivi."

Walimweleza, kila mmoja kwa namna yake, mpaka akaelewa. Akaviringisha kalamu vidoleni. Alikuwa mtu wa haki, na hilo ndilo lililomfanya Fusi akose hata wa kumkasirikia.

"Wamebaki wanne," alisema. "Unafundisha vizuri sana, Fusi, lakini kanuni si yangu. Naweza kukutazama mpaka mwisho. Kusaini siwezi."

Fusi aliona mashuka. Aliyaona yote, yamelowa, yamepangwa kwenye kamba mpaka uzeeni kwake, na mwisho wa kamba fulana yenye jina la mtu mwingine. Lakini wanawake thelathini walikuwa wamesimama mbele yake, maua yamelegea masikioni, wanangoja kuambiwa la kufanya.

"Tumalizie," alisema.

"Kilichobaki ni sauti," alisema Raewyn. "Weka mikono nyuma. Usioneshe hatua hata moja. Waongoze kwa mdomo tu."

Muziki ukarudi. Fusi alifunga mikono nyuma, akaita, "Kulia, sasa," na nusu ya ukumbi ikaenda kushoto. Walikuwa wamezoea kumtazama. Yeye akiwaelekea, kulia kwake kulikuwa kushoto kwao, na bila mwili wake mbele yao kila mtu alishika njia yake. Bwana Lin aligongana na mke wa Hifo. Mchungaji alizunguka peke yake kama mtu aliyedondosha ufunguo. Raewyn aliwatazama kwa huruma, akasogea dirishani wasimwone akitabasamu.

Mama Tupou, ambaye alikuwa mpana kuliko wote, alilitanua taulo lake mbele ya dirisha. "Upande huu upepo mbaya, mwalimu."

"Sijali upepo."

"Una vumbi."

Raewyn alichungulia juu ya taulo, kisha akalishusha kwa kidole kimoja.

Ukumbi ule ulijengwa juu ya msingi mrefu. Aliyekuwa ndani akiegemea dirisha aliliona shamba lote la shangazi, na aliyekuwa shambani hakuona kitu ila ukuta na ukingo wa paa. Katikati ya magimbi jembe lilikuwa limechomekwa ardhini, shati limetundikwa kwenye mpini, na kando yake jitu kubwa lilikuwa likifanya mazoezi macho yamefumbwa, majani yamemnasa vifundoni. Fusi aliita kulia, likaenda kulia. Akaita geuka, likageuka. Akaita magoti juu, yakapanda, si sana, lakini yakapanda, na udongo ukatikisika chini yake.

"Huyo nani?" aliuliza Raewyn.

Safu yote ya dirishani ilikaa kimya. Walijua siku nyingi, kila mmoja alijua, lakini dada wa mtu alikuwa amesimama pale pale. Shangazi Saane alisikia kimya kile, akaokota fimbo, akaja, akawasukuma pembeni.

Alitazama kwa muda. Aliyaona magimbi yake. Kisha akamwona mtoto wa kaka yake, ambaye wakati wa mvua alikuwa akihema kwa kufunga kamba za viatu, na sasa wimbo mzima ulikuwa ukipita na bado amesimama. Fimbo ilishuka kidogo kidogo mpaka ikagusa sakafu.

Fusi aliona migongo tu. Hakuuliza. Alikumbuka jembe lisilo na udongo, na mtu aliyepaliwa barazani. Hakusogea dirishani. Alipaza sauti tu, zaidi ya spika, akaita kila hatua mapema kidogo kuliko kawaida, ili imfikie mtu aliye mbali.

"Huyo," alisema Shangazi Saane, "ni yule nguruwe niliyekuwa namtafuta."

"Anafanya mazoezi," alisema Raewyn.

"Naona."

"Yumo kwenye darasa?"

Shangazi aliwageukia wanawake. "Mimi nilisema mwanamume wa damu yetu asiingie humu. Ameingia?"

"Hajaingia, shangazi," walisema kwa pamoja, na hiyo ndiyo mara ya kwanza asubuhi ile kuwa pamoja.

"Basi darasani yumo. Ndani ndiyo hayumo. Mwandike."

Raewyn aliwatazama waliokuwa ndani wakigongana, akamtazama wa nje. "Hawa wanamwona mwalimu wao kila siku," alisema. "Yule hajamwona hata mara moja, na ndiye pekee anayekwenda kulia akiambiwa kulia. Hiyo ndiyo kazi ya sauti. Anaitwa nani?"

Shangazi alimwinamia, akamnong'oneza, ili jina lisimfikie dada mtu. Kalamu ikaandika.

Wimbo ulikuwa unaisha. Fusi alishusha sauti.

"Vuta pumzi," aliita. "Taratibu. Wa karibu na wa mbali. Toa."

Ndani wakatoa. Na kutoka kwenye magimbi ikapanda pumzi moja nzito, kama ya ng'ombe aliyeshushwa mzigo, na kila mtu akajifanya hakuisikia.

*

Fulana ilikuja na jina limekosewa herufi moja, naye akaivaa hivyo hivyo. Mashuka alimwachia binti mwingine. Jioni walikula kama kawaida, Fusi jikoni, Kelepi barazani, mama kizingitini.

"Mama," alisema Kelepi, "kama kuna mtu anafundisha mahali fulani, wimbo wa tatu una haraka. Mtu mzito anaachwa nyuma."

"Umesikia?" alisema Kalolaine.

"Mwambie anayehusika nitaupunguza."

"Na nyama hii ya mafuta, mama, irudi tu chunguni."

Mama aliipokea sahani, akaitazama, akaona pande zima limebaki, akampitishia Fusi. Fusi naye aliishika muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kwa sahani.

Kesho yake alfajiri aliigeuza spika moja ikaelekea dirishani. Akawaambia wanafunzi kwamba ni kwa ajili ya mwangwi.

Shangazi Saane alikuja mwisho wa wiki na jembe la kuchimbia, akang'oa magimbi yote ya upande wa ukuta, akayahamishia nyuma ya nyumba yake. Alinung'unika siku nzima. Alimwambia kila aliyepita kwamba nguruwe sasa hawana haya, kwamba walianza na mmoja tu, na sasa wapo watoto wa ami, watoto wa mjomba, na yule wa mikate ndiye anayekuja mapema kuliko wote. Alipomaliza kuhamisha alisawazisha ardhi kwa mguu, akaokota mawe moja moja, akayatupa mbali wasije wakajikwaa.

Jumatatu, kabla jua halijachomoza, Fusi aliwaelekea wanawake wake, akavuta pumzi, akaita, "Kulia," na nje, nyuma ya ukuta, ardhi yote ikaenda kulia.